Picha Namba Mia Mbili Arobaini na Moja

Tangazo kwa wasomaji wote, hasa wale wanaosoma hadithi hii huku wakijifanya wanasoma Jiografia. Mimi, Evarista Hhando, mzaliwa wa Buger katika wilaya ya Karatu, ni mpiga picha wa harusi. Picha yangu imetundikwa ukutani katika studio moja karibu na stendi ya Karatu, na watu wazima wenye akili timamu husimama mbele yake hadi wakasahau kilichowaleta.

Baada ya tangazo hilo, naomba niongeze mambo madogo. Studio si yangu. Kamera si yangu. Na siku nilipoanza kazi hiyo nilikuwa na miaka kumi na minne, nimesimamishwa shule kwa wiki tatu, na ningetoa chochote ili niwe mahali pengine popote.

Kuhusu kusimamishwa shule, ieleweke kwamba nilionewa. Shule yetu ya bweni haina kengele ya umeme. Ina rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa mtini, nayo hugongwa kwa kipande cha nondo. Asubuhi ya mtihani wa Hisabati, nondo ilitoweka. Mwalimu wa zamu alizunguka shule nzima akipiga makofi kama mtu anayefukuza kuku, na mtihani ukaahirishwa. Rafiki yangu Lusia, mgonga kengele, alivuliwa cheo kwa uzembe na akapewa adhabu ya kung'oa kisiki. Siku mbili baadaye nondo ikaonekana ndani ya gunia la maharage, stoo ya jikoni. Mwalimu wa nidhamu akauliza kwa nini mfukoni mwa sketi yangu kulikuwa na punje nne za maharage. Nikamweleza kwamba maharage ni zao la kawaida wilayani kwetu. Hakuridhika.

Baba hakunigombeza. Yeye ni mkulima, na akikasirika maneno yake hupungua. "Huji Buger," alisema kwenye simu. "Unakwenda kwa shangazi yako Sabina, Karatu. Huko hakuna pa kukimbilia."

Alisema kweli. Studio ya shangazi ni chumba kimoja chenye dirisha moja, na dirisha lenyewe limefunikwa kwa pazia la buluu la picha za pasipoti. Kila asubuhi nilifagia, nikafuta vumbi kwenye lenzi, nikawakalisha wateja kwenye stuli na kuwaambia, "Kidevu juu kidogo, mzee." Mchana nilikata picha za pasipoti kwa mkasi. Kupitia mlangoni niliona kipande cha barabara chenye upana wa meza, na humo magari ya watalii yalipita kwenda kreta kutazama wanyama wasiofungiwa. Hakuna hata mtalii mmoja aliyesimama kunitazama mimi niliyefungiwa.

Shangazi hakuwa mkali. Alikuwa na kasoro mbaya zaidi: alikuwa makini. Ukiweka mkasi upande usio wake, aliujua kabla hajavua koti.

Jumamosi ya kwanza alinichukua kwenye harusi ya kanisani ili nimshikie taa. Hapo nilijifunza siri kubwa ya kazi hiyo. Maharusi wakivishana pete na padri akikaa vibaya mbele ya kamera, shangazi huinua mkono na kusema, "Turudie!" Nao hurudia. Keki hulishwa mara mbili. Mama mkwe hukumbatiwa mara tatu, hata kama mara ya kwanza hakukumbatiwa kwa moyo. Kwa ufupi, harusi za Karatu hufungwa mara moja kwa ajili ya Mungu na mara ya pili kwa ajili ya shangazi yangu. Nikaona kwamba hii ni kazi ambayo mtu hawezi kukosea. Ukikosea, mnarudia.

Jumatano ya wiki ya pili aliingia kijana mrefu, dereva wa watalii, jina lake Lengai.

"Shikamoo, mama Sabina," alisema. "Dada yangu Nasieku anaolewa Jumamosi, kwetu Nainokanoka. Anaolewa na Lekoko wa Loliondo. Wote ni walimu, walijuana chuoni."

"Marahaba. Hongereni sana. Ni kanisani au nyumbani?"

"Nyumbani, kimila. Lakini yeyo hatakuwepo." Yeyo ni mama, kwa Kimaasai. "Aliteleza akiteka maji, akavunjika paja. Amelazwa hospitali hapa hapa mjini, na daktari amesema hatoki kitandani wiki sita. Ana ombi la picha moja."

"Moja?"

"Wewe piga hata mia tano, tutafurahi. Ila yeye anataka moja. Anasema, 'Nataka kuona kile ambacho ningekiona mwenyewe, nikiwa nimesimama mlangoni pa nyumba yangu. Mgongo wa mwanangu akitoka langoni.'"

Shangazi aliacha kuandika. Lengai akaendelea kumweleza desturi za siku hiyo, jambo gani hufanywa na lipi halifanywi kabisa. Naamini alieleza vizuri sana. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta nikimchorea sharubu mteja mmoja kwenye picha yake iliyoharibika, na zilikuwa zinampendeza.

Jumamosi tulipanda mlimani kwa gari dogo la shangazi, Suzuki ya zamani. Ukingo wa kreta wote ulikuwa umemezwa na ukungu. Tuliwasha taa mchana na bado hatukuona ng'ombe mpaka walipotugusa kwa pembe. Boma lao lilizungushiwa uzio wa miti na miiba na lilikuwa na lango moja tu. Nje ya uzio, ukungu ulisimama kama uzio wa pili. Nikahesabu: nimetolewa kwenye chumba cha dirisha moja nikaletwa kwenye boma la lango moja. Maendeleo.

Shangazi alinipa kamera yake ya akiba. "Hii ni ya zamani," alisema. "Kadi yake inabeba picha mia mbili na arobaini, haikubali hata moja zaidi. Nimefuta zote asubuhi na kuzirudisha namba zianze na moja. Mimi nitakaa nje ya lango nipige nyuso. Wewe simama mlangoni pa nyumba ya mama yake, pale pale ambapo angesimama yeye. Usihame."

"Sitahama, shangazi."

"Evarista."

"Nimesema sitahama!"

Na sikuhama. Naomba hilo liandikwe mahali. Tatizo ni kwamba nilikaa hapo saa tatu nzima, maana wazee hawakuwa na haraka na mazungumzo yao hayakuwa na kengele. Mtu aliyefungwa mahali pamoja hutafuta burudani. Mzee mmoja alilala kwenye kigoda huku kinywa kimeachama, inzi akiingia na kutoka kama mwenye nyumba. Nilimpiga picha thelathini. Rafiki wa bwana harusi, mwenye raba nyeupe kuliko theluji, alikutana na kinyesi cha ng'ombe kilichokuwa bado kinatoa mvuke. Picha arobaini, kuanzia mshangao hadi majonzi. Mbuzi alitafuna utepe wa mfuko wa shangazi. Nikapiga. Nikageuza kamera nikapiga ulimi wangu mwenyewe, kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Kando yangu alisimama bibi wa bibi harusi, koko Resiato, mwembamba kama fimbo yake, mkononi amevaa bangili pana ya shanga nyeupe na buluu. Alinitazama kwa muda.

"Wewe mtoto," alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "hiyo kamera yako inakula kila kitu. Itashiba."

"Haishibi, koko," nikamjibu.

Ndipo kelele zote zikanyamaza. Nasieku alitoka ndani, akapita karibu yangu kiasi kwamba niliisikia harufu ya mafuta aliyopakwa. Alikuwa amevaa shanga hadi mabegani, na kibuyu kikining'inia mgongoni. Wazee walichovya majani kwenye maziwa wakamnyunyizia. Kisha akaanza kutembea kuelekea langoni nyuma ya Lekoko na msimamizi wake, taratibu mno, macho chini, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni.

Niliinua kamera nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kwenye kioo kukatokea maandishi mekundu: kadi imejaa.

Sijawahi kupigwa na ubaridi wa aina ile, hata kwenye mabafu ya shule. Nilitafuta kitufe cha kufuta. Kamera ikauliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo. Ikafikiri. Yule mzee na inzi wake wakagoma kuondoka, kisha wakaondoka. Nilipoinua macho, Lekoko alikuwa ameshatoka, na Nasieku alikuwa amenyanyua mguu kuvuka lango. Basi nikafanya kile ambacho mpiga picha yeyote wa Karatu angefanya.

"Dada Nasieku!" nilipiga kelele. "Geuka kidogo! Turudie!"

Boma zima lilishtuka. Mguu wa Nasieku ulisimama hewani. Mabega yake yalikaza. Mkono wa koko Resiato uliruka mbele yangu kuniziba mdomo, na kwa woga kidole changu kikabonyeza. Ka-cha.

Nasieku hakugeuka. Aliteremsha mguu upande wa pili, ukungu ukampokea, na hakuonekana tena.

"Wewe!" Koko alinielekezea fimbo yake. "Bibi harusi haangalii nyuma! Akiangalia nyuma anakuwa jiwe! Hakuna kurudia! Kwenu hamjui hii?"

Sikujua. Yaani, Lengai alikuwa amesema, na mimi nilikuwa na kazi ya sharubu. Lengai mwenyewe hakusikia kelele zangu. Alikuwa ng'ambo ya kilima akiwasha gari la kuwapeleka maharusi Loliondo. Shangazi naye alikuwa mbele ya msafara, katikati ya nyimbo za akina mama. Wanawake waliobaki bomani walinitazama kama wanavyotazama fisi aliyekutwa zizini, na sikuwa na mahali pa kupita isipokuwa lango lile lile.

Wakati wa kurudi nilikaa kiti cha nyuma. Shangazi akiwa anapapasa barabara kwenye ukungu, nilifuta picha zote moja baada ya nyingine: mzee, raba, mbuzi, ulimi. Nikabakiza moja. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ya kitaalamu ilikuwa kuharibu ushahidi.

Kwenye lango la hifadhi tulikuta foleni ya magari. Shangazi akanyoosha mkono. "Lete nione."

Aliipokea kamera akatazama. Ilikuwa picha ya ajabu, hata mimi nilianza kuiogopa. Lango la miti, ukungu mweupe nyuma yake, na katikati mgongo wa msichana, mguu mmoja hewani. Pembeni kabisa, mkono mkavu wa mtu mzima ulikatiza picha, vidole vikiwa vimetanuka, kana kwamba unataka kumshika asiondoke.

"Umepiga moja tu?" aliuliza.

"Uliniambia kazi yangu ni moja, shangazi."

"Kwa nini alisimama?"

Hapa ndipo mlango wa mtego ulipokuwa wazi, na mimi nikaingia mwenyewe nikaufunga kwa ndani. "Alisimama tu," nilisema. "Nadhani alimkumbuka mama yake."

Shangazi alinitazama kwenye kioo cha dereva kwa muda mrefu, kisha foleni ikasogea.

Jumapili aliikuza picha, nakala moja kwa ajili ya mgonjwa, nyingine akaitundika ukutani. Watu wakaanza kusimama. Muuza vocha wa jirani aliita wenzake. Mama mmoja aliyekuja kupiga picha ya bima alifuta machozi na kuuliza, "Nani kapiga hii?" Shangazi akanielekeza kwa kidevu. Jumatatu aliniruhusu kumpiga mteja peke yangu, mzee wa miaka themanini ambaye hajawahi kucheka mbele ya kamera, naye akacheka. Hapo lilinitokea jambo ambalo sikulipanga: niliipenda ile kazi. Niliipenda kabisa. Nilianza kutazama nyuso, mikono, jinsi watu wanavyokaa wakidhani hawatazamwi. Na kila mtu aliponisifu, kile chumba cha dirisha moja kilizidi kuwa kidogo, kwa sababu ningeweza kubaki humo kwa sharti moja tu: koko Resiato asishuke mjini maisha yake yote.

Jumanne, Lengai aliporudi kutoka Loliondo, tulikwenda hospitali saa ya kuwaona wagonjwa. Yeyo wake, Mama Naeku, alikuwa amelala chali, mguu umevutwa kwa kamba na mawe ya chuma. Niliinamisha kichwa kama wafanyavyo watoto wa kwao, naye akakigusa kwa kiganja. Kisha akapokea picha kwa mikono miwili.

Aliitazama mpaka nikasikia saa ya ukutani. Kisha akasema jambo kwa Kimaasai.

"Yeyo anauliza," Lengai alitafsiri, "kwa nini alisimama?"

Wote walinigeukia. "Alimkumbuka mama yake," nilisema. Nilikuwa nimeshalisema mara nyingi hata likapata sauti nzuri.

Lengai hakutafsiri mara moja. Alipotafsiri, uso wa mama yake ulibadilika. Nilikuwa nimengojea machozi ya furaha. Yalikuja machozi mengine. Alishika ukingo wa kitanda, akajaribu kuinuka, mawe ya chuma yakagongana, muuguzi akapiga kelele kutoka mwisho wa wodi.

"Anasema nini?" shangazi aliuliza.

"Anasema..." Lengai alimshika mama yake bega asiinuke. "Kwetu msichana akisimama langoni, maana yake hataki kwenda. Anasema, 'Kumbe mwanangu hakutaka. Nilikuwa nimelala hapa, hakuwa na mtu wa kumwambia.' Anataka nimpeleke Loliondo leo hii. Jamani, hawezi hata kukaa! Na simu ya Nasieku haipatikani, huko walikokwenda hakuna mtandao."

Mlango wa wodi ulikuwa hatua sita kutoka nilipo. Niliuhesabu. Miguu yangu haikusogea. Neno moja tu lingemtuliza mwanamke yule, nalo lilikuwa mdomoni mwangu, na mdomo ulikuwa umefungwa kwa kufuli yangu mwenyewe.

Mama Naeku alikuwa ameirudia picha. Akaisogeza karibu na macho. Kidole chake kikagusa ule mkono wa pembeni, kikatulia juu ya bangili ya shanga nyeupe na buluu.

"Koko Resiato," alisema, bila kumhitaji Lengai. Kisha akaniuliza mimi, kwa Kiswahili, taratibu: "Huyu koko... anazuia nani?"

"Na mimi nina swali," shangazi alisema kwa upole. "Picha hii ni namba mia mbili arobaini na moja. Niliiona namba hiyo kwenye kamera tangu Jumamosi pale kwenye foleni, nikasubiri uniambie mwenyewe. Mia mbili na arobaini za mwanzo ziko wapi, Evarista?"

Nilisema yote. Mzee na inzi, raba, mbuzi, ulimi, kadi iliyoshiba, na jinsi nilivyopiga kelele kama mpiga debe. "Hakusimama kwa sababu hataki kwenda," nilimalizia, huku natazama sakafu. "Alisimama kwa sababu yangu. Nilimwita ageuke. Nisamehe, yeyo."

Lengai alitafsiri. Ilimchukua muda, maana kwenye ulimi alikwama. Mama Naeku alisikiliza mpaka mwisho.

"Alimwita kwa sauti kubwa?"

"Kubwa," nilisema.

"Na hakugeuka?"

"Hakugeuka hata kidogo."

Basi akaanza kucheka. Alicheka mpaka mawe ya chuma yakacheza na muuguzi akaja kutugombeza mara ya pili. "Yeyo anasema," Lengai alitafsiri, naye akicheka na kufuta macho, "'Mguu ulishtuka, shingo haikushtuka. Mjinga alimwita nyuma na yeye akaenda mbele. Huyo ni mwanangu, na amekwenda vizuri.'" Akaniita niiname. Kiganja chake kilitua kichwani kwangu, mara hii kwa uzito zaidi, karibu kofi.

Nje, kwenye ukumbi wa hospitali, shangazi alikaa kwenye benchi akanikalisha kando yake.

"Sikiliza," alisema. "Watu wanatuamini kwa siku ambayo hairudi. Hata hizo ninazosema 'turudie', ile ya kwanza ndiyo ya kweli, na ndiyo wanayotudai moyoni. Kamera ilionyesha mguu umesimama, ikasema kweli. Wewe ndiye uliyesema uongo juu ya mguu huo, na uongo wako ulikuwa mtamu, kwa hiyo ukapita haraka zaidi. Umeona ulikofika? Ulimfikia mgonjwa kitandani."

"Nimeona, shangazi."

"Jicho unalo. Sitakuficha hilo. Likizo zote utafanya kazi na mimi, ukitaka. Lakini wiki hii iliyobaki utabeba kamera isiyo na kadi. Utatazama tu."

"Wiki nzima?"

"Nzima. Na picha itabaki ukutani. Akiuliza mtu kwa nini bibi harusi alisimama, utamjibu wewe, kweli yote, pamoja na ulimi."

Nikakubali. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nilivuta pumzi ikafika chini. Nikasimama, nikadhani kesi imefungwa.

"Bado," shangazi alisema. "Ile nondo ya kengele."

"Shangazi, ile kwa kweli nilione..."

"Baba yako aliniambia yote. Punje nne za maharage, Evarista."

Nilitazama mlango wa kutokea. Ulikuwa wazi kabisa. Mtu yeyote angeweza kupita. Nikakaa tena kwenye benchi.

"Sikuwa nimesoma Hisabati hata ukurasa mmoja," nilisema. "Niliogopa."

"Na huyo rafiki yako aliyeng'oa kisiki?"

"Lusia hakuipoteza nondo, shangazi," nilisema. "Niliichukua mimi."